Chujio Jeupe la Milimita

Shemeji yangu ni seremala, na mtaa mzima unamwita Milimita, kwa sababu tangu nimfahamu hajawahi kusema kitu kiko karibu sawa. Mguu wa meza ukipishana na mwenzake kwa unene wa ukucha, meza inavunjwa na kuanzwa upya, mteja apende asipende. Ugonjwa wake mwingine ni utunzaji. Patasi zake nzuri zimefungwa kitambaa sandukuni, kazi anafanyia zile kuukuu zilizoliwa na kinoo mpaka zimebaki vipande. Makochi ya sebuleni yana miaka saba na bado yamevaa nailoni ya dukani. Ukikaa yanalia, ukiinuka yanakung'ang'ania. Nimemtania sana kwa hilo, na sasa kila nikikumbuka vicheko vyangu najisikia vibaya.

Dada yangu mkubwa ndiye mke wake. Karakana imeegemea nyumba, na kati yake na chumba chao cha kulala kuna ukuta wenye dirisha dogo lisilo na kioo, ni wavu tu. Kwa miaka ishirini na miwili dada ndiye aliyefagia humo. Akimaliza mume kupiga randa, yeye ananyunyiza maji sakafuni ili vumbi lisipae, anafagia, maranda anatia guniani, na unga wa mbao anauzoa kwa viganja. Alikuwa akisema hakuna manukato yanayoishinda harufu ile.

Kifua kikamgeuka. Kwanza kilikuwa kikohozi cha asubuhi, tukasema ni baridi. Baadaye akawa anasimama katikati ya ngazi tatu za mlangoni kutafuta pumzi, ngazi tatu tu, mkono kiunoni, anacheka ili tusiogope. Daktari alituonyesha picha ya mapafu yake. Alisema lililoharibika halirudi, tulinde lililobaki. Vumbi la mbao lisimguse tena, hata chembe.

Milimita hakulala usingizi wa maana wiki hiyo. Kuhama hawana pa kuhamia, na kuacha useremala ni sawa na kuacha kula. Akakata shauri kutafuta mashine ya kufyonza vumbi, ile inayovuta vikavu na maji pia, maana bado alitaka sakafu inyunyizwe kama alivyozoea dada. Alikwenda dukani mara mbili peke yake akapima mashine kwa futi ya chuma, urefu, upana, unene wa mpira. Mara ya tatu akaniomba nimsindikize. Mimi ni fundi cherehani, mashine nazijua kidogo, na domo ninalo.

Alikuja na mifuko mitatu ya vumbi kutoka karakana yake, maranda, unga mnene, na ule unga laini wa msasa unaoshika kwenye kope. Akaimwaga sakafuni mwa duka la watu! Muuzaji, bwana mmoja mtu mzima mwenye miwani ya kamba, macho yalimtoka, lakini akavumilia. Akatuletea mashine mbili. Moja ndogo, sauti yake ya chini. Nyingine pipa kubwa lenye magurudumu manne, ikiwashwa unadhani lori linapanda mlima.

"Hii ndogo inameza polepole, lakini vumbi laini haliitoroki," alisema muuzaji. "Hii kubwa ina nguvu, ila mzingatie chujio."

"Shemeji, chukua kubwa," nikadakia. "Dada yangu hafanyiwi mambo ya mkono wa birika."

Muuzaji akafungua kifuniko, akatoa chujio la karatasi lililokunjwakunjwa, jeupe kama shuka la hospitali. "Sikilizeni. Mkivuta maji, hili mnalitoa, lisije likaloa. Mkivuta vumbi kavu lazima—"

"Tumeelewa, bwana," nilimkatiza. "Tufungie, mgonjwa yuko peke yake nyumbani."

Ndivyo nilivyosema. Namwona mpaka leo yule bwana akifunga mdomo wake, akitafuta kamba ya kufungia boksi.

Dada aliifurahia mashine kama mtoto. Ilipounguruma mara ya kwanza alipiga makofi kitandani. "Milimita umeniletea mke mwenza!" akapaza sauti kupitia dirisha. "Afadhali huyu anajua kufagia!" Tukacheka wote, yeye akakohoa, tukanyamaza, akaanza tena kucheka. Tangu siku hiyo ile mashine ikaitwa Mke Mwenza. Kila Milimita alipomaliza kazi alinyunyiza maji sakafuni, akaivuta mpaka chini ya dirisha dogo, maana tundu la umeme liko hapo, akafyonza sakafu, halafu meza, rafu, na papi za dari. Sakafu ikawa ya kulia chakula. Dada alikuwa akisikia mngurumo ule anafumba macho na kusema, "Basi, leo nimefagiliwa."

Siku moja niliona chujio jeupe limening'inia kwenye msumari ukutani, ndani ya nailoni yake.

"Kulikoni hili?" nikamwuliza.

"Si tunanyunyiza maji? Ikivuta maji chujio hutolewa, alisema mwenyewe yule bwana. Na bila hilo inavuta mara mbili. Kitu kizuri kama hicho nikichafue cha nini?"

"Kweli wewe mtunzaji," nikamwambia. Nilimsifu kabisa, kwa kinywa changu hiki.

Dada hakupata nafuu. Mwezi wa pili aliacha kufika mlangoni. Mwezi wa tatu ukamkuta analala ameketi, mito mitatu mgongoni. Milimita akazidisha kufyonza, mara mbili kwa siku, mara tatu. Alikonda. Alikuwa akipitisha kidole kwenye rafu, akikitazama, akisema hajui tena afanye nini, kila mahali ni safi. Nami nilimlaumu daktari na dawa zake. Nina ulimi wa upesi, hilo watu wote wanalijua.

Mwezi wa nne alikuja fundi friji kuchukua kabati lake. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linaingia karakana kwa upande. Milimita alikuwa anafyonza meza ya msasa. Fundi friji akasimama mlangoni anaangalia nyuma ya mashine, pale panapotoka upepo, akaweka kiganja pale, kisha akakigeuza na kukitazama.

"Fundi, chujio lake liko wapi?"

Milimita akaonyesha ukutani, na nasema ukweli, alionyesha kwa fahari. "Lile pale. Jipya kabisa, sijaligusa."

Fundi friji alikipangusa kiganja kwenye suruali. Alimshika bega, akamsogeza mpaka mahali alipokuwa amesimama yeye, jua likiwa mbele yao. Nami nikasogea. Maranda yalikuwa yakiingia pipani, hayo ni kweli. Ule unga laini ulikuwa ukiingia mbele na kutoka nyuma, unapanda juu polepole kama moshi wa jiko, unapita kwenye wavu wa dirisha dogo. Ng'ambo ya wavu dada alikuwa akikohoa.

Milimita alizima mashine. Alilishusha chujio, akalitoa kwenye nailoni, akalishika kwa mikono miwili muda mrefu. Halikuwa na doa. Akaniangalia. Nilitamani anitukane. Hakunitukana.

Dirisha lile sasa limejengwa kwa tofali. Karakana imeoshwa mpaka dari, na Milimita anafanyia kazi kwenye kiwanja cha rafiki yake, mbali, anaoga huko huko kabla ya kurudi. Daktari alipiga picha nyingine. Aliiweka mezani, akaifunika kwa karatasi, akatuuliza kama mgonjwa ana watu wa kukaa naye mchana. Hatukumwambia dada habari ya picha wala ya chujio. Tulikubaliana bila hata kukaa chini kuzungumza.

Juzi nilikuwa namlisha uji, mumewe ameketi miguuni pake. Maneno yake siku hizi yanatoka mawili mawili, katikati anavuta pumzi.

"Mke Mwenza... mbona kimya? Mmemfukuza?"

"Yupo," alisema Milimita.

"Mwashe basi. Nikimsikia... kifua kinafunguka. Yeye ndiye... amenifikisha hapa."

Milimita aliinuka akatoka. Kupitia ukuta nilimsikia akifungua kifuniko, akitia chujio, akikaza vibana, kimoja, cha pili. Mashine ikanguruma. Hakukuwa na kitu cha kufyonza mle, sakafu tupu iliyooshwa kwa sabuni, na bado nilisikia magurudumu yakienda huku na huko, taratibu, mpaka pembeni, kama anavyofanya kila kitu. Dada alifumba macho. Akavuta pumzi, ikakwama njiani, akavuta nyingine.

"Unaona?" akaniambia.

Nikamfuta uji mdomoni, nikamwambia naona.