Maji Yasiyo na Chura

Harufu ya sukari inayoungua huanza tamu, kama keki za Noeli, halafu inageuka chungu na kukamata koo. Juma lililopita ilinifikia chumbani kwangu hapa mtaani Hewa Bora, nikiwa na rozari mkononi, na vidole vyangu vikasimama vyenyewe juu ya punje. Mjukuu wangu Mianda alikuwa uani, ameshika kijiko juu ya mbabula, lile jiko letu la makala, yaani makaa.

“Kaku, kuya uone! Inakuwa nyeusi!”

Alikuwa akifanya zoezi la kemia la shule. Sikutoka. Nilijua itakuwa nyeusi, na nilijua jinsi gani. Tayari nilikuwa nimerudi kwenye miaka yangu kumi na mitatu, na mbele yangu palikuwa na chupa, na ndani ya chupa msalaba mwekundu. Jambo hili sijawasimulia watu wengi. Ninyi nitawaambia.

Tulikaa kwenye nyumba za mwisho za mji, upande ambao moshi wa kiwanda ulitufikia upepo ukigeuka. Asubuhi nyingine tuliamka na ladha ya kiberiti mdomoni, na nguo nyeupe hatukuzianika nje. Wazazi wangu walitoka Kasai. Baba aliuza vitambaa, na mwaka huo alikuwa safarini huko kwao, kwa hiyo nyumbani tulibaki watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Kabuya, mwenye miaka mitano.

Kabuya alikuwa ametoka kwenye malaria, lakini hakuwa amerudi kwetu. Homa ilikwisha, naye akabaki amekaa juu ya mkeka, miguu kama vijiti, akitazama mlango. Dawa za dispensari alizimaliza. Mama alianza kusali kwa sauti ya chini sana, na mimi sauti hiyo iliniogopesha kuliko kilio.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa kemia, tuliyemwita Prof, mtu mwembamba wa koti moja la kahawia. Maabara yetu ilikuwa kabati ambalo ufunguo wake ulipotea kabla sijazaliwa, kwa hiyo alitufundisha kwa vitu vya nyumbani. Siku moja alileta kijiko na makaa, akachoma mbele yetu sukari, unyoya wa kuku, ganda la mkate, jani la muhogo, na nywele za rafiki yangu mmoja aliyejitolea kwa kujivuna. Darasa lilinuka vibaya sana. Vyote vikawa vyeusi.

“Muangalie, bana,” alisema. “Kitu yote yenye ilishaka kuwa na uzima, ukiichoma, itakuonyesha huu weusi. Jina yake ni kaboni. Chumvi, unaweza kuchoma mpaka kesho, haitakuonyesha.”

Nililipenda somo hilo kuliko nilivyopaswa. Kwenye katekisimu nilikuwa nimeona picha ya moyo wenye madoa meusi, ndiyo dhambi, na karibu yake moyo mweupe, ndiyo neema. Bila kumwuliza mtu, nikayafunga masomo mawili kwa kamba moja. Weusi ni kile kinachobaki kwa sisi wenye mwili. Kisicho na weusi, basi, ni cha Mungu.

Tangu siku hiyo nilichoma kila kitu. Makaa ya kudumu yalikuwa kwa jirani yetu mzee, mwenyeji wa nchi hii tangu kabla nyumba hazijafika, ambaye aliuza makala kwa mafungu njiani. Mtaa mzima ulimwita Mama Makala. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko, na mimi, Mungu anisamehe, niliona haya kumpa mkono.

“Weye mutoto wa masomo mingi,” alinicheka, “unachoma sukari, na bantu banakosa ya kutia mu chai! Basi uchome na hii makala, tuone kama itakuwa nyeusi.”

Nyuma ya nyumba zetu, mwendo wa nusu saa, palikuwa na shimo la zamani la machimbo, lililoachwa na kujaa maji. Mama alilikuta alipokwenda kutafuta uyoga, na majuma matatu baadaye alinichukua nilione.

Niliwahi kwenda mahali pengi pa kimya, makanisani na makaburini. Kimya cha hapo kilikuwa cha namna nyingine. Ilikuwa majira ya mvua, na huko nyuma wadudu walilia majanini, lakini tulipokaribia ukingo sauti zilipungua moja moja, kama watu wanaotoka chumbani kwa heshima. Mbu hawakuwepo. Miti michache ilisimama imekauka, myeupe, bila kuanguka. Kati ya mawe yalichanua maua madogo ya rangi ya samawati ambayo sikuwahi kuyaona mtaani. Na maji yalikuwa safi kupita maji yote ya maisha yangu. Uliona chini kabisa.

Chini kabisa kulikuwa na majani ya mwaka uliopita, mazima, kila mshipa wake. Na juu ya majani alilala chura. Alikuwa chali, mikono miwili wazi, kama padri mbele ya altare. Hakuwa amevimba, hakuwa amechanika. Mama alisema alimwona vilevile majuma matatu yaliyopita.

Akapiga magoti juu ya mawe. “Unaona? Haiozi,” alininong'oneza. “Mwili wa batakatifu ndiyo haiozaka.”

Nilitazama mikono ile midogo iliyofunguka, na nilihisi kwamba kitu kinatuangalia kutoka majini. Mama naye alihisi hivyo. Tulitofautiana tu juu ya jina lake: yeye alikiita baraka, mimi nilikiita hofu.

Tulijaza chupa. Nyumbani mama aliiweka chini ya sanamu ya Bikira Maria, akaniuliza kama wanafunzi wanavyoulizwa na wazazi waliokosa shule: “Weye unajuaka ile mambo ya kuchoma. Hii mayi iko muzuri?”

Nikaenda na kijiko kwa Mama Makala. Nilikausha maji taratibu, nikaondoa kijiko mara yalipoisha. Hapakuwa na weusi hata wa ncha ya sindano. Palibaki unga mweupe. Tone la maji liliponitoka kidoleni likaangukia unga ule, ukageuka samawati machoni pangu, samawati ya joho la Bikira Maria kwenye sanamu yetu. Nilikaribia kuangusha kijiko.

“Unatosha wapi ile mayi?” Mama Makala aliuliza nilikoyachota. Hakuwa anacheka tena. Nilimwambia. Akafuta mikono kwenye nguo yake, jambo lisilosaidia kitu, akasema, “Mayi yenye haina chura iko na mwenyewe. Usiikunywe.”

Nilipeleka maneno hayo nyumbani kama kichekesho. Mama hakucheka, lakini alisema, “Siye tunaombaka Mungu, hatuogope mizimu ya bantu. Na Prof, alisema nini?”

“Alisema, kitu yenye haina weusi haina ubaya.”

Ndugu zangu, Prof hakusema hivyo kamwe. Nilisema mimi, kwa mdomo wa Prof. Nimeungama dhambi nyingi maishani, na hii niliiungama mara tatu, ingawa padri aliniambia mara moja inatosha.

Mama alianza novena. Siku tisa, kila jioni baada ya sala, kikombe kidogo cha maji yale kwa Kabuya. Jioni ya kwanza alikunja uso. “Yaya,” aliniambia mimi dada yake, “inaniluma ku ulimi.” Nilimwambia dawa nzuri zote zinaluma, nikamshikia kikombe mpaka tone la mwisho. Jioni ya pili alitapika kidogo. Mama akasema ni uchafu unaotoka. Usoni alikuwa na wasiwasi, na kabla ya kuondoka mbele ya sanamu alitoa ukutani msalaba mdogo ambao baba alimtengenezea wakati wa uchumba, misumari miwili iliyofungwa kwa waya, akautumbukiza ndani ya chupa.

“Bwana,” alisema, “kama hii mayi ni yako, utupatie alama.”

Asubuhi alama ilikuwepo. Msalaba wa chuma cha kijivu ulikuwa mwekundu. Haukuwa na kutu, kutu tuliijua. Ulikuwa na ngozi mpya, nyekundu, yenye unyevu, kama nyama chini ya kidonda. Mama alilia kwa furaha. Mimi nami nilifurahi, kwa sababu niliwaza jinsi Prof atakavyoshangaa. Nikaficha chupa chini ya sweta, nikakimbia shuleni.

Prof alikuwa akiandika ubaoni. Aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Nilisubiri apige alama ya msalaba. Alisema polepole sana, “Hii ni shaba. Iko ndani ya mayi. Inajipaka juu ya chuma.” Halafu akanitazama. “Ma fille, binti yangu, nani anakunywa hii mayi?”

Nilimwambia ni mdogo wangu. Ndipo nilipojua. Kabla ya maneno, kabla ya sababu, mwili wangu wote ulijua.

Hakuna aliyewahi kumwona Prof akikimbia. Alikimbia na chaki mkononi, koti likipepea, mimi nyuma yake. Tulimkuta mama sakafuni, Kabuya mapajani, na mbele yao dimbwi dogo la matapishi. Lilikuwa la rangi ya samawati inayoelekea kijani. Rangi ile ile. Mama alikuwa ameikazia macho, kisha akainua kichwa kutazama joho la sanamu, kisha akaitazama tena, na hakuwa akisali.

Prof alimbeba Kabuya hadi dispensari ya masista. Siku tatu hatukujua upande gani ataangukia. Siku ya nne aliomba bukari, ugali wetu, na sista aliyemhudumia akacheka, nasi tukaelewa kwamba yuko.

Jioni hiyo Prof alikuja kukaa nasi kwenye benchi la nje. Mama alimwuliza jambo moja tu: yule chura. “Mama,” alijibu, “hakuoza kwa sababu hata vidudu vyenye vinaozeshaka bintu, ile mayi iliviua. Kuoza ni kazi ya bazima.” Kisha akanigeukia mimi, niliyekwisha kumweleza habari ya kijiko. Nilingoja hasira. “Nilikufundisha nusu,” alisema. “Nusu ingine, ya sumu yenye haina weusi, ilikuwa ya juma ijayo.”

Mama Makala naye alikuja, na sufuria ya uji. Hakusema neno lolote la kutusuta. Ni mimi niliyemwuliza alijuaje. Akaniambia kwamba baba yake, kabla ya kujenga mahali, alikaa pale jua likizama, akisikiliza. Wakilia vyura, anajenga. Wakinyamaza, anabeba jembe lake anaondoka, hata pawe pazuri namna gani. “Siye hatukusoma,” alisema. “Tulisikilizaka tu.” Nilimshika mkono wake. Uliacha weusi kwenye kiganja changu, nami sikuunawa hadi tulipolala.

Miaka mingi nilidhani funzo la siku hizo lilikuwa kwamba mama alikosea kuomba. Sasa nimezeeka, mama amepumzika, Kabuya ana wajukuu na tumbo kubwa, na ninaona vingine. Mama aliomba alama, na alama ikaja usiku huo huo, imeandikwa juu ya chuma, wazi kuliko tulivyostahili. Bila msalaba ule nisingepeleka chupa kwa Prof, na zingefuata jioni saba. Mungu alijibu. Sisi ndio tulioisoma vibaya. Usafi tuliuwaza kama mahali pasipo na chochote chenye uhai, na tulikaribia kumpeleka mtoto huko.

Msalaba ninao bado. Wekundu umebanduka pembeni, na chuma kinaonekana.

Jioni ile ya kijiko cha Mianda, mvua ilikuwa imejaza mfereji ulio nyuma ya ukuta wetu, na vyura wakaanza, kwanza mmoja, kisha wote, kwa kelele za soko. Mianda alifunga daftari kwa nguvu.

“Kaku, bachura bananisumbua! Nifunge dirisha?”

“Hapana, mutoto,” nilimwambia. “Uifungue yote.”