Pombe ya Oddmund na Kipimajoto cha Dada Yake

Gunnvor Fossmo amefundisha kemia katika bonde letu la Trøndelag, Norwe, kwa muda mrefu hivi kwamba sasa anawafundisha watoto wa wanafunzi wake. Pombe hajawahi kuionja. Anayeipika ni mdogo wake, Oddmund, kwa maji, sukari na hamira, nyuma ya zizi lake. Sheria inakataza, lakini huku kwetu sheria hiyo tunaisalimia kwa mbali.

Mimi ni Torgeir, dereva wa gari la kusukuma theluji. Darasani kwake nilikuwa kichwa maji, ila somo la hidrokaboni sikulisahau, maana alilieleza kama anayewasengenya majirani.

"Kuna koo tatu," alisema. "Alkani, kaboni zao hushikana mkono mmoja mmoja. Alkeni, kuna mahali wameshikana miwili. Alkaini, mitatu, na hao wana hasira."

Katika ukoo wa alkani, methani ana kaboni moja, ethani mbili, propani tatu. Mnyang'anye mmoja wao hidrojeni, mpachike oksijeni iliyobeba hidrojeni yake, amekuwa alkoholi.

"Methanoli na ethanoli ni ndugu, na ukiwaona huwatofautishi," alituonya. "Mmoja atakulewesha. Mwingine atakupofusha, kisha akuzike."

Oddmund alipotimiza miaka sitini alialika bonde zima. Tulikunywa karsk yetu kama kawaida: sarafu ndani ya kikombe, mimina kahawa mpaka isionekane, kisha pombe mpaka ionekane tena. Wote tukamsifu kwamba safari hii pombe yake imezidi zote za nyuma. Mimi nilirudia kikombe mara tatu.

Asubuhi redio ikatangaza kwamba watu wa bonde la jirani wamelazwa kwa pombe ya magendo yenye methanoli. Nilikuwa nikisafisha njia ya Oddmund, na Gunnvor akafika mbio, koti halijafungwa, akamkuta mdogo wake mlangoni.

"Mdogo wangu, ile ya jana uliipika wewe?"

"Kwani nani mwingine? Dada, acha maneno."

"Ya kwako inanuka soksi. Ya jana haikunuka kitu."

Oddmund akatazama viatu vyake. Baridi iliua hamira yake, akasema, na kwa aibu akanunua dumu kwa mtu asiyemjua pale kwenye kivuko.

Nilimfikiria mke wangu, naye alikunywa.

"Nampigia daktari," Gunnvor akasema.

"Dada, polisi watakuja!"

"Waje! Heri nikuletee keki jela kuliko maua kaburini."

Daktari akatuita wote zahanati, tukatolewa damu, ikapelekwa mjini. Tukaambiwa tusitoke. Gunnvor, ambaye hakunywa, hakuweza kukaa tu. Alijaza chupa kutoka dumu tulilokuja nalo, akaenda maabara ya shule, ng'ambo ya barabara, na mimi nikamchungulia kupitia dirisha la zahanati. Methanoli huchemka kwenye nyuzi sitini na tano, ethanoli sabini na nane. Kama ndugu mbaya yumo kwa wingi, matone yataanza mapema.

Alipasha polepole. Nilimwona ameinama juu ya kipimajoto, midomo ikicheza, na mimi niliyeacha kusali tangu kipaimara nikasali. Kisha akainua uso, akaja mbio akivuka theluji bila kofia.

"Sitini na tano imepita, kimya!" alipiga kelele tangu mlangoni. "Sabini, kimya! Tone la kwanza limeanguka sabini na nane!"

"Ngojeni damu," daktari akasema. Jioni majibu yakaja: hakuna hata mmoja mwenye methanoli. Nilimkumbatia mke wangu, nikamkumbatia na daktari. Nililia, sioni haya kusema.

Oddmund peke yake alibaki ameinamisha kichwa.

"Kumbe wote walisifu ya mtu mwingine," akanung'unika. "Yangu hawajawahi kuisifu hivyo."

Gunnvor alikuwa anamwaga pombe ya dumu kwenye sinki la zahanati. Akaliweka chini, akamshika mdogo wake uso kwa mikono miwili.

"Pika ya kwako, Oddmund," akasema. "Inuke soksi bonde zima. Nikiisikia hiyo harufu, ndipo mimi hulala."