Mashini moja, machefu wanne

Anaclet wa Kasungami, hapa Lubumbashi, ana mashini moja ya kusaga, ya mazutu, yaani dizeli, na kwa muda mrefu alikuwa na machefu wanne, wakubwa wa kazi. Mkurugenzi mkuu ni yeye. Binamu yake Osée alikuwa chefu wa mapokezi, maana yake alikaa kwenye kiti mlangoni akiangalia wanawake wakijitua mabeseni wenyewe. Shemeji mmoja alikuwa chefu wa mazutu. Dumu lenyewe lilikuwa moja. Wa nne sikujua alikuwa chefu wa nini, na yeye pia hakujua.

Huu ni ugonjwa wetu, watoto wa watu wa mgodi na wa reli. Babu zetu waliishi kwa king'ora na vyeo, kwa hiyo mtu wa Lubumbashi akifungua hata kibanda cha makala, kwanza anatafuta muhuri, halafu anagawa vyeo. Kazi itafuata. Anaclet alinunua filimbi. Aliipiga kila asubuhi, majirani wakajua mkurugenzi ameamka, basi.

Kazi haikufuata. Kwenye mashini ya kusaga kuna mambo mawili tu. Beseni ndilo linamshikia mtu nafasi: ukiliweka kwenye mstari, unaweza kwenda sokoni ukarudi. Na mihogo isagwe mbali na mahindi, kwa sababu unga wa mihogo unabaki ndani ya mashini na kuharibu mahindi ya anayefuata. Hata mtoto anajua. Lakini Anaclet alikuwa na ndugu, na ndugu waliotoka kwao Mitwaba hawaambiwi wangoje. Akifika mmoja na mihogo yake, "Ah, yaya, mukubwa wangu, karibu!", beseni lake linarushwa mbele ya watu wote, mahindi yanasimama, mihogo inaingia.

Ndipo akaja Marie-Thérèse. Huyu anapikia bukari, ugali wetu, wafanyakazi wa ujenzi, na mahindi yake ndiyo yalikuwa yananunua mazutu ya Anaclet. Akiondoka yeye, mashini inabaki vyuma vya kuuza kwa kilo.

"Papa Anaclet, bukari yangu iko nanata sawa gundi. Bantu banauliza kama niliwapikia mihogo. Juma yenye kuya, bunga ikiwa tena vile, naenda kusagisha kwa mwingine."

"Mama, tutaita mkutano," akajibu mkurugenzi.

"Mkutano njo inasaga?"

Mkutano ulifanyika kweli. Uliamua kuongeza chefu wa usafi.

Émerance, mke wa Anaclet, hakuwa chefu wa kitu. Alisimama tu mlangoni akawaambia wanawake: mihogo asubuhi, halafu mashini inapigwa brosi, mahindi mchana, na beseni halipiti beseni lingine. Hakubandika karatasi. Mwanamke anayengoja zamu yake kwenye jua anakuwa mlinzi wa mstari bila kulipwa.

"Na bandugu yangu?" Anaclet akauliza.

"Bandugu yako beko na mikono. Baweke beseni kwa mstari."

Akakubali kwa mdomo. Kesho yake tu akampitisha shangazi.

Siku ya Marie-Thérèse ikafika. Mchana, zamu ya mifuko yake ya mahindi ikiwa imefika, akatokea mlangoni mama yake Émerance na beseni la mihogo kichwani. Kwetu mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Anaclet alimwona kwa mbali, akakimbilia kibanda cha mazutu, akajifungia. Osée akanyoosha mikono kupokea beseni.

"Acha," Émerance akamwambia. "Mama, mihogo ni asubuhi. Kesho utakuwa wa kwanza."

"Miye? Miye nilikuzala, unaniambia kesho?"

"Ulinizala, mama. Mashini haukuizala."

Mstari mzima ukapasuka kwa kicheko. Mama akasonya, akakaa juu ya gogo.

"Na bwana yako iko wapi?"

"Iko nakuheshimu, kule nyuma ya mazutu."

"Asiheshimu sana, itamupiga kichwa ile harufu."

Mahindi yakasagwa. Marie-Thérèse akachukua unga kidogo, akausugua kwa vidole, akaonja, akatema. "Nitarudia," akasema. "Lakini kwako, mama. Kwa machefu, hapana."

Anaclet akatoka mama mkwe alipokwisha kwenda, macho mekundu kwa mazutu. Aliposikia mteja amebaki, akasema: "Unaona? Mkutano ilisaidia."

Émerance hakubishana, kubishana na mkurugenzi ni kupoteza mchana. Alimwomba mama yake aje kupumzika mlangoni kila siku ya mahindi. Mama anakuja, anamenya karanga zake, anatukana wanaosukumana. Anaclet haonekani. Ndugu wanafika, wanatafuta wa kuwapitisha, wanamkuta mama mkwe wa watu, wanaweka beseni nyuma. Nimeona wataalamu wa semina wakilipwa vizuri, na hakuna aliyepanga kazi vizuri kuliko hivyo.