Mwendesha Pampu Aliyehesabu Pumzi

Siku ile pampu ilipoungua, Katunge alimwita Mwangangi mara tatu. Alikuwa kwenye foleni ya maji na mitungi yake minne ya plastiki, akasikia bomba likikohoa hewa, akapaza sauti kuelekea kibanda cha pampu: "Mwangangi, hiyo pampu iko na shida." Mwangangi akaitikia "ehe" bila kuondoa macho kwenye simu. Akaitwa tena, akaitikia tena. Mara ya tatu alisema "nakuja", na kwa kweli aliamini kwamba anakuja. Alikuwa anatazama video ya mwanamume wa nchi ya mbali akiosha zulia.

Hapo nje kidogo ya Migwani, kazi ya mwendesha pampu ni kusikiliza. Wakati wa kiangazi maji ya kisima hupungua haraka. Pampu ikianza kuvuta hewa lazima izimwe, kisima kipumzike karibu saa nzima, ndipo iwashwe tena. Swichi ya kujizima yenyewe ilikufa zamani na hakuna aliyehangaika nayo, maana Mwangangi alikuwa na masikio. Siku hiyo masikio yalikuwa kwenye zulia. Mota iliungua, na kwa wiki kumi na moja akina mama walirudi mtoni kufukua mchanga na kuteka maji kikombe kwa kikombe. Mbinya, mke wa Mwangangi, alikuwa mmoja wao. Hakumgombeza hata siku moja. Alikwenda, akateka, akarudi, akapika, na kimya chake kilimchoma mumewe kuliko maneno ya kijiji kizima.

Harambee ikafanywa, pampu mpya ya sola ikanunuliwa. Kamati ya maji, ambayo mwenyekiti wake ni Katunge huyo huyo, ikampa Mwangangi miezi mitatu ya kujaribiwa. Ufunguo wa kibanda ukafungwa kwenye pindo la leso ya Katunge, naye ndiye angemfungulia kila asubuhi. Simu ikionekana mkononi mwa Mwangangi mara moja tu kazini, angeondoka.

Msimdhanie kuwa hakuwa amejaribu. Mchungaji alimwekea mikono kichwani mbele ya kanisa lote, akapona hadi Jumanne. Alinunua kabambe, simu ndogo ya kupiga na kupokea tu, lakini ile kubwa aliificha kwenye sanduku la nguo, na tangu hapo akawa mtu wa kubadilisha shati mara tano kwa siku. Alijionea aibu. Mtu wa miaka thelathini na minane, baba wa watoto watatu, anasingizia shati ili afungue sanduku.

Aliyemletea habari za Budha ni Githaiga, fundi wa sola kutoka Nyeri, aliyekuja kufunga paneli za pampu mpya. Mchana mmoja Mwangangi alimkuta kivulini amefumba macho, githeri yake ya mahindi na maharagwe ikipoa.

"Fundi, uko mgonjwa?"

"Niko sawa. Nimekaa tu."

Githaiga akamweleza bila makuu. Yeye shida yake ilikuwa kubeti mpira kwenye simu, mpaka alipokwenda kufunga paneli katika hekalu moja la Nairobi, akapewa chai, akarudi Jumapili iliyofuata, na hakuacha kurudi.

"Kwani mnaabudu ile sanamu ya mzee wa tumbo kubwa?" Mwangangi akauliza.

"Huyo ni mwingine. Mimi nahesabu pumzi, moja mpaka kumi. Nikipotea, narudi moja."

"Hiyo tu? Na hiyo ndio dini?"

"Kuna mengi. Lakini wewe shida yako ni mkono kuenda mfukoni. Ukitaka kuenda, usiukemee. Utazame tu, mpaka hiyo hamu ipite."

Mwangangi akaona huyu mtu amepigwa na jua. Yeye ameokoka, anaimba besi kwenye kwaya, na katika kanisa lao kitu kibaya kinakemewa, hakitazamwi. Hata hivyo maneno yale yalimkaa. Jioni akaitoa simu kubwa sandukuni atafute zaidi, akatazama watawa wakifundisha namna ya kuishi bila simu. Aliwatazama saa mbili na nusu. Bando ya intaneti ilipokwisha alicheka peke yake, tena bila raha yoyote.

Siku ya kwanza ya kujaribiwa alipindua mtungi mtupu kando ya kibanda, akaketi, akafumba macho. Alihesabu kwa Kikamba, imwe, ili, itatu, na kwenye itatu akawa tayari anawaza zulia. Akarudi imwe. Aliona ni upuuzi, ila ulikuwa upuuzi usiohitaji bando, na masikio yalibaki wazi kwa ajili ya pampu. Wiki ya pili alifika saba. Wiki ya sita alianguka vibaya: alinunua bando sokoni, akakaa nyuma ya zizi la mbuzi mchana kutwa wa Jumapili. Alimpigia Githaiga akitarajia mahubiri. "Sawa," Githaiga akasema, "sasa rudi moja." Akakata simu.

Lakini foleni ina macho. Akina mama waliofika saa mbili asubuhi walimkuta Mwangangi amefumba macho, midomo ikicheza, na kwao mtu wa namna hiyo anafanya jambo moja tu: anaomba. Walianza kwa kunong'ona wasimsumbue. Halafu mmoja akainama akamwambia sikioni habari za mtoto wake anayeugua pumu. Kesho yake mwingine akaja na habari za mume. Katunge mwenyewe, akishafungua kibanda, alizoea kusimama kando na kumweleza habari za mwanawe Musembi, aliyekwenda kufanya kazi Uarabuni na sasa hapatikani kwa simu.

"Umtaje na yeye," alisema.

Mwangangi aliitikia kwa kichwa. Kila aliyeamini anaomba alikuwa kura moja ya kumbakisha kazini, na yeye kazi aliitaka. Mbinya alipogundua, alitua sufuria chini.

"Baba Ndinda, sema ukweli kabla hawajakupatia mimbari."

Miezi mitatu ikaisha. Kamati ikaketi chini ya mabati ya kioski cha maji. Katunge akasimama akasema pampu haijapata shida, simu haijaonekana, na kijiji kimepata mtu wa maombi, kwa hivyo haoni la kujadili. Watu wakapiga makofi. Mwangangi akainuka, akamwita Katunge 'mama' kwa Kikamba.

"Mwaitu, mimi sikuwa naomba. Nilikuwa nahesabu pumzi. Nilifunzwa na yule fundi wa sola, ni mambo ya Budha. Inanisaidia kuacha simu. Mlinieleza shida zenu nikanyamaza, kwa sababu niliogopa kufutwa. Mnisamehe."

Makofi yakafa. Mtu nyuma akasema kumbe wameleta dini ya sanamu kwenye kisima. Mbinya aliinamisha kichwa. Katunge akamgeukia Mwangangi, akauliza:

"Nilikuambia nini juu ya Musembi?"

"Ulisema alipiga mara ya mwisho siku ya mazishi ya shangazi yake. Akasema miguu imefura. Ukamwambia aloweke kwa maji ya chumvi, na laini ikakatika kabla hajajibu. Wiki iliyofuata ukasema siku hizi hupiki ndengu, kwa sababu yeye ndiye huzipenda."

Katunge alipangusa uso kwa pindo la leso, lile lile lenye ufunguo.

"Ile siku nilikuita mara tatu," akasema.

"Najua, mwaitu. Niliitikia, lakini hata mara moja sikusikia."

Katunge akafungua fundo kwa meno, akautoa ufunguo, akamtia mkononi. "Hayo mambo ya Budha utaongea na mchungaji, mimi sijui. Lakini ukifika kumi, mtaje Musembi kwanza, ndio urudi moja."

Asubuhi iliyofuata Mwangangi alijifungulia mwenyewe, akawasha pampu, akaketi juu ya mtungi. Alipotea kwenye sita, akarudi imwe. Mara ya pili alifika kumi, akamtaja Musembi kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyetumwa salamu. Nyuma yake bomba likakohoa kidogo. Akainuka kabla mtu yeyote hajamwita, akaizima pampu.