Kikombe cha Shubiri

Ipo siku moja ninayoikumbuka hadi leo, mwanangu. Nilikuwa bibi harusi wa miezi miwili huko Merti, mjuaji kupindukia. Asubuhi mume wangu Guyo aliamka akijikunja kwa maumivu ya tumbo. Nilikuwa nimemwona bibi yangu, akoo tulivyomwita, akiwapa waliofunga choo utomvu wa shubiri, wakafunguka. Dawa ya moto ni moto, nikajiambia. Nikampa kikombe kizima.

Kufika saa sita Guyo alikuwa anatapika, tumbo gumu, jasho baridi linamtoka. Nikakoroga cha pili! Akoo akaingia, akanipokonya, akakimwaga mchangani. Akabonyeza tumbo la Guyo chini upande wa kulia, kisha akaachilia. Guyo akapiga ukelele.

"Nani amekuambia umpe hii?"

"Si wewe huwa unapea watu, akoo?"

"Mimi nauliza kwanza! Inauma wapi, imeanza lini, anatapika? Hii dawa inafanya kazi, ndiyo maana naiogopa. Tafuta gari sasa hivi."

Tukapanda lori la mbuzi kuja Isiolo. Kwenye kila shimo Guyo aliuma shuka, nami niliomba kila dua niliyoijua. Hospitalini daktari akauliza, "Amekunywa nini?"

"Maji tu," nikasema.

Ndiyo, nilidanganya, kwa aibu tu. Akauliza tena, akinitazama usoni. Mficha maradhi, mwanangu, kifo humfichua. Nikamweleza yote huku nalia.

Kilikuwa kidole tumbo, na kilikuwa kimeshapasuka. Daktari alisema dawa ya kuharisha inaweza kuharakisha jambo hilo. Guyo alipasuliwa, akapona. Kama ni kikombe changu kilichokipasua kidole tumbo chake, hakuna aliyeweza kuniambia, na hadi leo sijui.

Sikukatazi dawa za miti. Shubiri inaharisha, hata madaktari hawabishi. Tangawizi nayo wameipima, wakaona inasaidia kichefuchefu. Nyingine nyingi ushahidi wake ni maneno ya bibi zetu tu, na hizo chupa za mjini zinazotibu "tumbo lote" usizibugie. Tumbo likiuma na kuwa gumu, mtu akitapika, usimpe cha kuharisha. Mkimbize hospitali, na useme alichokunywa kabla hujaulizwa mara ya pili. Mwenyezi Mungu akulindie uwapendao, na asikuachie kamwe swali kama langu.