Nyumba Yenye Jirani Mmoja

Kila mashine iwe na majirani watatu. Fundi mitambo aliiandika kanuni hiyo kwa chaki juu ya mlango wa karakana, na alikuwa mkali nayo. Kule bondeni simu hazikushika, wala mtandao aliowajengea watu haukuwa na kituo kikuu. Kila nyumba ilikuwa na mashine ndogo ya ujumbe, na ujumbe ulipita nyumba hadi nyumba, kila mashine ikiipa ya jirani. Jirani mmoja akizimika, ujumbe ulizunguka kwa mwingine.

Kanuni hiyo aliivunja mara moja tu, nyumbani kwa mama yake. Bi mkubwa alilalamika kwamba maneno yake yanatambaa kama konokono, yanapiga hodi kwa watu kumi kabla ya kumfikia mwanawe. Fundi akakata njia mbili ndefu, akabakiza moja fupi iliyopitia kwa jirani yao mshonaji.

"Na mshonaji akizima, kaka?" dada yake aliuliza.

"Yule? Hata akilala anashona."

Msimu wa mvua ukaingia. Asubuhi moja radi zilianza, na mshonaji akachomoa nyaya zote, kama fundi mwenyewe alivyomfundisha. Asubuhi hiyohiyo mama alianguka jikoni. Dada akaandika: "Kaka, njoo na gari. Mama anakuita." Mashine ikaupokea ujumbe, ikauweka ikimngoja jirani. Dada alipoona kioo kimeandika "umepokelewa", akadhani kaka yuko njiani, akakaa kumshika mama mkono; saa zilipopita, akadhani mvua ndiyo inayomchelewesha.

Fundi alikuwa karakanani kutwa nzima, mwendo wa dakika ishirini kwa gari, akiwasifia wateja wepesi wa mtandao wake. Ujumbe ulimfikia jioni, mvua ilipokatika na mshonaji akawasha tena. Mama alikuwa amekufa alasiri.

Baada ya mazishi alizirudisha njia mbili alizozikata. Lakini mashine zake aliziunda zisipoteze neno: kila moja hutunza nakala mpaka mpokeaji athibitishe kwamba ameipata. Fundi hajauthibitisha ujumbe ule. Kwa hiyo kila mashine ya bondeni iliyozimwa inapowashwa, huutuma upya, na kioo cha mashine ya karakana huwaka: mama anakuita. Siku nyingine huja mara tatu, kwa njia tatu.

"Bonyeza kwamba umeupata, kaka," dada humsihi. "Mama hakuiti tena."

Huuweka mkono juu ya kitufe, kisha huuondoa.

Alitaka kuokoa dakika mbili. Mama alimngoja saa saba, akafa akiutazama mlango.