Ng'ombe wa Masanja

Jamani, leo nimemzika mtoto wa watu kwa unga wa mtama.

Mama Masanja kaja ofisini kwangu hapa Kambarage na ng'ombe mdogo wa udongo. Masanja alimfinyanga utotoni. Tangu shimo la dhahabu liporomoke kule Rwamgasa, Masanja hajaonekana, si mzima si maiti. Mama anataka ng'ombe abaki kwenye simu, asije akavunjika.

Kazi rahisi. Napiga picha pande zote, kompyuta inaunda umbo.

Ila ng'ombe anang'aa kwa kushikwashikwa, na kitu kinachong'aa hakitoki vizuri. Huwa napaka poda. Poda imeisha, nikachukua unga.

Mimi, Msukuma mzima!

Nikanyunyiza, nikapiga picha.

Halafu Mama: "Mwanangu, unga huo si tunawamwagia waliokufa? Nani kakwambia Masanja kafa?"

Nikaomba radhi mpaka basi. Akampangusa ng'ombe kwa khanga, taratibu, mpaka kwenye pembe.

Akainua macho. Kwenye skrini ng'ombe alikuwa anazunguka, mweupe pe.

"Na huyu wa humu ndani, nitampangusaje?"

Nyie mngemjibu nini?

Mama keshaondoka. Ng'ombe bado anazunguka.